Kitanda Usicholalia: Somo la Shanta na Pedi

Wazee walisema, "Kitanda usicholalia hujui kunguni wake." Methali hii twaifahamu sote tangu madarasa ya chini, na kwa kawaida twaitumia katika mambo ya watu: ndoa ya jirani, kazi ya mwenzetu, na kadhalika. Leo napenda kuitumia katika vitu viwili ambavyo vijana huvitamani sana wanapopita madukani. Cha kwanza ni shanta la safari, yaani mfuko wa kuchukulia mzigo mgongoni. Cha pili ni pedi, kile kidude chenye vifungo ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili anapocheza michezo ya televisheni. Ndugu zetu wa Msumbiji, kwa Kireno, shanta huliita mochila, na pedi huiita comando.

Msomaji aweza kuuliza, vitu hivi vina uhusiano gani? Jibu ni kwamba vyote viwili hutumika kwa kugusana na mwili wa mtu, kimoja kwa mgongo na kingine kwa vidole. Vyote viwili hupendeza vikiwa vipya, hata muuzaji mwenyewe hawezi kuona kasoro yake. Tena vyote viwili huharibika mahali pa namna moja, nako ni kwenye kiungo, pale kitu kimoja kinaposhikana na kingine. Ajuaye jambo hili atanunua kwa akili, na huenda siku moja akaokoa kitu kikubwa kuliko fedha zake.

Mafunzo haya nimeyapata Nhica do Rovuma. Hicho ni kijiji cha wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, upande wa kusini wa mto Ruvuma. Njia itokayo Palma pwani hupita hapo kuelekea Pundanhar, kisha Nangade, na hatimaye Mueda juu ya uwanda. Biashara yangu ya ufuta hunifikisha huko, na kwa kuwa watu wa huko hutembea sana kwa miguu na kwa baiskeli, katika mchanga wakati wa kiangazi na katika tope wakati wa masika, nimewauliza wenye mashanta maswali mengi kuliko niliyopata kumwuliza muuza duka yeyote.

1. PEDI

Nianze na pedi, kwa kuwa ni kitu kidogo na sababu za kuharibika kwake ni rahisi kuziona.

Yuko kijana mmoja mwenye kibanda cha michezo. Ana televisheni moja, mashine moja, betri inayojazwa kwa nguvu za jua, na pedi nne. Watoto hulipa kidogo ili wacheze mpira wa kwenye kioo. Nilipomwuliza ni kitu gani humtia hasara, nilidhani atataja televisheni au mashine. La, alitaja pedi. Alisema, "Mwalimu, mashine haiguswi na mtu. Pedi hushikwa mchana kutwa na watoto arobaini." (Huniita mwalimu kwa sababu ya maswali yangu, wala mimi si mwalimu.)

Akanifungulia pedi moja iliyokufa, akanionyesha mambo matatu.

Kwanza, uzi wa umeme. Ulikuwa umekatika ndani, pale unapoingia katika mwili wa pedi, hali katikati na mwisho wake ulikuwa mzima kabisa. Mchezaji akivuta, uzi hupinda daima mahali pale pale, na nyuzi nyembamba za shaba zilizomo ndani hukatika mmoja baada ya mwingine. Wengi huharakisha ugonjwa huu kwa kuuzungusha uzi kwenye pedi na kuukaza baada ya kucheza. Yeye huuviringa kwa duara pana na kuutundika kwenye msumari.

Pili, vifungo. Chini ya kila kifungo mna kipande cha mpira chenye kaboni. Ukibonyeza, kaboni hugusa njia mbili za umeme na kuziunganisha. Ukiachia, mpira hujirudisha juu. Jasho na mafuta ya vyakula vikiingia, kifungo huwa kizito au hukataa kabisa. Kwa hiyo pale kibandani sharti la kwanza ni kunawa mikono, na mwenye kutoka kula maembe hakaribishwi mpaka aoshe vidole.

Tatu, kifimbo cha kuelekeza mchezaji. Chini yake mna sahani ndogo zilizopakwa kaboni, na juu ya kila moja kipande cha chuma huteleza. Mashine hupima umeme upitao hapo, ikajua kifimbo kimelala upande gani. Chuma kikisugua kaboni siku nyingi, kaboni hulika, na kipimo huwa cha uongo. Hapo utaona mchezaji kwenye kioo anatembea mwenyewe, hali hakuna aliyemgusa. Watoto husema ana jini! Hana jini, ni kiungo kilicholika. Siku hizi ziko pedi zinazotumia sumaku mahali pa kaboni, ambamo vipande vya kupimia havigusani. Kanuni yake aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, nayo ilitumiwa katika kifimbo cha pedi ya Dreamcast mwaka 1998.

Basi, kabla ya kununua pedi, usitazame rangi yake. Tazama shingo ya uzi, kama ina mpira mnene wa kuuzuia usipinde sana. Zungusha kifimbo polepole, kisha kiachie: je, chajirudisha katikati? Bonyeza kila kifungo mara kumi, usikilize kama vyote vina sauti moja.

2. SHANTA

Sasa tuje kwenye shanta. Katika shanta, kiungo kikubwa ni pale mkanda wa bega unaposhonwa kwenye mfuko.

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu kwa maelfu wakakimbia, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu kupitia misituni. Mwalimu mmoja kijana, ambaye siku hizo alikuwa akikaa Palma, alinisimulia kwamba alitoka na shanta jipya alilolinunua kwa ajili ya safari ya likizo. Ndani alitia nguo, sufuria, unga, chupa mbili za maji, na vyeti vyake vyote vya shule. Siku ya pili mkanda wa kushoto uling'oka. Akawa anabeba mzigo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika mdogo wake. Jioni ile akatupa sufuria na nguo. Kuliwa na njaa au kuacha vyeti, hilo ndilo lililomkalia rohoni usiku kucha. Asubuhi mzee mmoja wa pwani, aliyekuwa katika kundi lao, alitoa mshipi wa kuvulia samaki na sindano nene, akaushona mkanda ule kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Mkanda ulishika mpaka wakafika salama. Shanta lile analo hata leo. Mshono wa kiwandani umeachia kwingine, wa mzee haujaachia.

Kwa nini mshono wa namna ile washinda? Mkanda ulioshonwa kwa mstari mmoja hubebwa na uzi mmoja. Tundu la kwanza likichanika, mzigo wote huhamia tundu la pili, nalo huchanika, hivyo hivyo hadi mwisho. Mraba wenye msalaba hugawa uzito kwa mistari mingi inayoelekea pande mbalimbali. Tena mkanda uliopita ndani ya mshono wa mgongo wa mfuko ni bora kuliko uliobandikwa juu ya kitambaa kitupu.

Mtu wa pili niliyemwuliza ni mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye hupeleka samaki bara kwa baiskeli. Yeye ugomvi wake ni na zipu. Chumvi ya samaki hula zipu ya chuma, na mchanga hulegeza kile kichwa chake, hata meno yasikamatane tena. Ameacha kabisa mashanta ya zipu. Hupenda lile linalofungwa juu kwa kamba na kufunikwa kwa kifuniko. Alisema, "Kamba ikikatika nafunga nyingine. Zipu ikifa, shanta limekufa."

Wa tatu ni mama mmoja mwuza vyungu, naye alinicheka. Alisema shanta humchoma mabega na kumlowesha mgongo kwa jasho, na kwamba kichwa kimemtosha miaka yote. Usidhani ni maneno ya ushamba tu. Mwaka 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu wa Kenya walitoa habari katika jarida la Nature kwamba wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa hadi 20 kwa mia ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Wajaluo walichukua kichwani. Wakikuyu walichukua mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Huenda siri yao ilikuwa mazoea ya tangu utotoni.

Lakini asiye na mazoea hayo, mabega yake hayatoshi. Mwaka 1952 Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza mashanta yenye fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni, ili uzito utue kwenye mifupa ya nyonga badala ya mabega. Shanta la safari ndefu lisilo na mkanda wa kiunoni ni la kwendea sokoni tu.

3. KUPAKIA

Shanta jema lililopakiwa vibaya ni shanta baya. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mabega. Vikiwa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma, nawe utatembea umeinama kama mwenye kutafuta sindano. Vyepesi, kama nguo, vikae chini na upande wa nje. Maji yakae mahali unapoweza kuyafikia bila kufungua mfuko. Mwanafunzi hushauriwa asichukue zaidi ya 10 hadi 15 kwa mia ya uzito wake. Yaani mwenye kilo 50 asizidishe kilo 5 hadi 7 na nusu.

Na jambo kubwa kuliko yote: usitie kila kitu cha thamani mahali pamoja. Historia ya Ruvuma yatufundisha hivyo. Mwaka 1866 Daktari David Livingstone alianza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani, akafuata bonde la mto huo kuelekea bara. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mizigo iliyokuwa na sanduku la dawa. Dawa zote zilikuwa humo. Livingstone aliandika kwamba kwake ilikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Aliugua mara nyingi baada ya hapo, akafariki mwaka 1873. Dawa zile zingaligawanywa katika mizigo miwili, asingalipoteza zote kwa siku moja.

Yule mwalimu kijana siku hizi vyeti vyake halisi huvitia katika mfuko wa nailoni na kuvifunga kiunoni ndani ya nguo. Nakala zake ziko katika shanta, na nakala nyingine kwa dada yake huko Mtwara. Nilimwuliza kama haoni uzito wa kuishi hivyo. Akajibu, "Karatasi hazina uzito, kaka. Kuanza darasa la kwanza tena ndiko kuzito."

ZOEZI

1. Chukua mfuko wako wa shule, uugeuze ndani nje. Hesabu mistari ya uzi inayoshika kila mkanda. Kama ni mmoja, shona mraba wenye msalaba kwa uzi wa nailoni au mshipi wa samaki.

2. Upime mfuko uliojaa kwenye mizani ya dukani, kisha jipime mwenyewe. Je, mzigo ni ngapi kwa mia ya uzito wako?

3. Fikiri kwamba unatakiwa kuondoka nyumbani kwa dakika tano. Andika vitu saba utakavyochukua, na mahali utakapotia kila kimoja. Mwonyeshe mzazi wako orodha hiyo, umwulize kama kuna ulichosahau.

4. Kabla ya kununua kitu chochote cha kushika au kuvaa, mtafute mtu aliyekitumia mwaka mzima. Usimwulize kama ni kizuri. Mwulize, "Kilianza kuharibika wapi?"