Uso wa Boksi na Mgongo Wake: Haki za Mnunuzi wa Chakula Katika Nchi za Ulaya

Mwaka 2015, katika mji wa Luxembourg, mahakimu wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya walitakiwa kukata shauri juu ya boksi la chai. Ilikuwa ni chai ya matunda iliyouzwa Ujerumani na kampuni ya Teekanne, na usoni mwa boksi palichorwa rasiberi nyekundu na maua ya vanila, pakaandikwa kwamba ladha yake ni ya rasiberi na vanila, na ndani ya duara la rangi ya dhahabu pakatiwa ahadi kuwa vilivyomo vyote ni vya asili. Mtu aliyeligeuza boksi lile akaisoma orodha ya viambato, tangu rosela na tufaha hata maganda ya machungwa na ya malimau, asingekuta rasiberi hata punje moja, wala vanila hata chembe. Angekuta viungo vya asili vyenye ladha mfano wa vanila na mfano wa rasiberi, pamoja na matunda mengine kadhaa ambayo hayakujaliwa bahati ya kuchorwa.

Shirikisho la vyama vya kutetea wanunuzi la Ujerumani liliishitaki kampuni, na kampuni ikajitetea kwa hoja ambayo juujuu haikuwa na kasoro: orodha ni sahihi na kamili, kila kilichomo kimetajwa, na asiyesoma amejipunja mwenyewe. Mahakama ya rufaa ya Düsseldorf ilikuwa imekwisha kuridhika na kauli hiyo. Walakini mahakimu wa Luxembourg, tarehe 4 Juni, waliamua kwamba ukweli ulioandikwa mgongoni pengine hautoshi kumtakasa mfanyabiashara na ghururi aliyoichora usoni, ikiwa boksi zima, kwa maneno na picha zake, linamfanya mnunuzi wa kawaida, mwenye akili na hadhari ya kiasi, aamini kuwa kitu fulani kimo hali ya kuwa hakimo. Desemba ya mwaka ule ule mahakama ya juu ya Ujerumani ikaifuata rai hiyo na kuihukumu kampuni.

Kesi hii yastahili kujulikana na kila Mswahili anayesukuma toroli katika maduka ya Hamburg, Rotterdam au Malmö, kwa kuwa aghalabu mgeni anapogundua nyumbani kwamba alichonunua sicho alichokidhania, hutahayari kulalamika, akajilaumu kwa kutoijua vema lugha ya wenyeji, na akamwachia muuzaji fedha ambazo kwa sheria angeweza kuzidai. Ujinga wa lugha si hatia, na picha ya tunda ni kauli ya muuzaji sawasawa na maneno yake.

Hata hivyo haki nyingi za mnunuzi zimeandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo, na hata udogo wa herufi hizo una mpaka wake: Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2014 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, inataka herufi ndogo kama x isipungue kimo cha milimita 1.2, isipokuwa katika vifungashio vidogo sana. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo ukikuta sukari imetajwa kwanza katika kile kinachoitwa nafaka ya kifungua kinywa, umekwisha kujua unachonunua. Na kiambato kilichotajwa katika jina la chakula, au kilichotiwa mkazo kwa picha, sharti kiwekewe asilimia yake. Geuza kikombe cha mtindi chenye embe lililopasuliwa likidondoka utomvu wa dhahabu, utafute neno la embe katika orodha, na hapo kando yake pana tarakimu, ambayo mara nyingi ni ya kutia huzuni.

Ama kuhusu vyakula vinavyodhuru watu wenye mzio, sheria imekuwa kali zaidi, na ndivyo inavyostahiki. Aina 14 zimetajwa kwa majina: nafaka zenye gluteni kama ngano na shayiri, kaa, kamba na jamii yao, pweza, ngisi na chaza, samaki, mayai, maziwa, karanga, lozi, korosho na jamaa zake, soya, ufuta, haradali, seleri, lupini, na salfaiti zikizidi miligramu 10 katika kilo moja. Kila kimojawapo kikiwamo, lazima kionekane wazi kuliko vingine katika orodha, kwa herufi nzito au kwa rangi mbali. Tahadhari yenye maana ya kwamba huenda kukawa na chembechembe za karanga ni ya hiari ya mtengenezaji, na kwa sababu hiyo kutokuwapo kwake si burhani ya usalama. Kwa chakula kisichofungwa, kama mkate wa dukani au samaki wa kukaanga sokoni, unayo haki ya kuarifiwa juu ya vitu hivyo 14, na namna ya kukuarifu huamuliwa na kila nchi. Muuzaji anayekujibu kwa kuinua mabega hajatimiza wajibu wake. Uingereza, ambayo imejitoa katika Umoja lakini ikabaki na sheria nyingi za namna hii, iliongeza ukali tangu Oktoba 2021, baada ya msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, kufariki mwaka 2016 kwa kula mkate uliokandwa na ufuta usiotajwa popote kwenye karatasi yake. Tangu hapo chakula kilichotengenezwa na kufungwa papo hapo dukani kinapaswa kubandikwa orodha kamili.

Juu ya tarehe sina maneno mengi. Ziko mbili, na kuzichanganya ni kutupa chakula kizima au kula kibovu. Kwa Kijerumani, ile iandikwayo *zu verbrauchen bis* ni ya nyama ya kusaga, samaki mbichi na mfano wao, nayo ikipita sheria inakihesabu chakula hicho kuwa si salama; ile ya *mindestens haltbar bis* ni ahadi ya ubora tu, na mchele au majani ya chai yaliyopitiwa nayo kwa mwezi hayana haja ya kuzikwa.

Waislamu huniuliza kuhusu uhalali, na hapa inanipasa kusema bayana kwamba Umoja wa Ulaya hauna sheria moja inayoeleza muhuri wa halali uweje. Mihuri iliyopo ni ya taasisi mbalimbali, na thamani ya kila mmoja ni uaminifu wa wenyewe. Jelatini lazima itajwe, bali mnyama iliyotokana naye si lazima. Kiambato E471 chaweza kutoka katika mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba peke yake haikuambii. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Vinywaji vyenye kileo kuzidi asilimia 1.2 vilisamehewa na Kanuni ile ile kutoa orodha ya viambato, msamaha ambao mimi sijapata kuuona una hoja nzuri, na kwa mvinyo umekwisha kupunguzwa tangu Desemba 2023. Wala usitegemee kuliona lile jani la nyota lenye maana ya kilimo hai juu ya nyama ya mnyama aliyechinjwa bila kuzimishwa fahamu kwanza, kwa kuwa Mahakama ile ile ya Luxembourg ililikataza mwezi Februari 2019. Pale lebo inaponyamaza, dawa ni kumwandikia mwenye bidhaa, ambaye jina na anwani yake ni lazima viwepo.

Sharti hilo la anwani linavihusu hata vile vyakula vya kwetu. Paketi ya unga wa ugali au ya majani ya chai iliyotoka Mombasa au Dar es Salaam, ikiuzwa Ulaya, yapaswa kuwa na jina la mwagizaji aliyeko katika nchi za Umoja, na maelezo kwa lugha wanayoielewa kwa wepesi wanunuzi wa nchi hiyo. Ndiyo sababu ya kile kibandiko cheupe kilichopachikwa juu ya maandishi ya asili. Kisipokuwapo, mwenye duka amekosa, hata akiwa ndugu yetu wa damu. Na ukinunua kwa njia ya intaneti, habari hizi za lazima, isipokuwa tarehe ya mwisho, sharti uzipate kabla hujakamilisha ununuzi.

Ukidhulumiwa, usikitupe kifungashio. Kipige picha pande zote, uhifadhi risiti, kisha urudi dukani kwanza, kwa kuwa mkataba wako ni na muuzaji, naye hana ruhusa ya kukusukumia kwa kiwanda ili akwepe kukubadilishia au kukurudishia fedha. Likiwa jambo ni la hatari au la ulaghai, lipeleke kwa wakaguzi: Ujerumani ni ofisi ya ukaguzi wa chakula ya mji au wilaya yako, Uholanzi ni NVWA, Uswidi ni manispaa, Ufaransa ni huduma ya serikali iitwayo SignalConso. Katika malalamiko yako taja jina la bidhaa, namba ya shehena yake, ambayo aghalabu hutanguliwa na herufi L, tarehe iliyopigwa juu yake, na duka ulikoinunua. Mkaguzi asipopata namba ya shehena hajui aondoe rafu gani.