Kurudi Kuresoi Kujifungua: Pesa Ikae kwa Simu ya Nani?

Akina mama kutoka Kuresoi walio kazini Doha, Riyadh au Dubai hutuuliza jambo moja wakipata mimba: nitume pesa kwa nani, ili nikirudi kujifungua nikute mambo yako tayari? Ni swali zuri, ila lina pacha wake ambaye husahaulika. Usiku ule uchungu ukianza, pesa itakuwa kwa simu ya nani? Mama aliyeshikwa na uchungu hana nafasi ya kukumbuka PIN.

Kwanza tarehe. Kama huna cheti cha ndoa, usingoje mimba ikomae ukiwa Saudi Arabia au Qatar. Hospitali za huko hukiulizia cheti hicho, na asiye nacho anaweza kuingia matatani na sheria, mtoto naye akakosa cheti cha kuzaliwa. Aliye na ndoa na karatasi zake, au muuguzi aliye Uingereza, anaweza kuamua kubaki. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa popote azaliwapo, mradi mama au baba yake ni raia. Lakini ukiamua kurudi, mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 hayakubebi. Kwa hivyo hesabu yako ya pesa inaanza na tarehe ya ndege, sio ya kujifungua. Usisahau kubeba matokeo ya kliniki ya huko: kundi la damu, kiwango cha damu, vipimo vyote.

Halafu laini yako ya Kenya. Wengi huiacha nyumbani kwa dada au mama, pamoja na PIN. Tunaelewa kwa nini: mtu anapokea pesa, analipa karo, maisha yanaendelea. Lakini msimbo wa SHA, wa eCitizen na wa benki zote huingia kwa laini hiyo, na aliyeishika ndiye wewe machoni pa mashine. Safiri nayo, washa rominga, na uitumie mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Kama uliiacha tayari, badilisha PIN siku ile unafika, kabla hata hujafungua sanduku.

Bima ya uzazi imebadilika

Ile Linda Mama uliyoijua kabla uondoke haipo tena kwa jina hilo. Tangu Oktoba 1, 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na huduma za uzazi ziko chini ya Linda Jamii. Hapa ndipo watu hushikwa vibaya: kujisajili peke yake hakutoshi. Kujisajili kunakupa huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya. Kulazwa hospitalini au kupasuliwa kunataka mchango uwe umelipwa. Asiye na mwajiri Kenya huulizwa maswali ya kupima uwezo wake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na kawaida hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Ukiwa nje, *147# inaweza kukataa, basi tumia tovuti ya Afya Yangu.

SHA hulipa hospitali Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Uliza bei mapema, na uandike jina la aliyekujibu.

Sasa ule usiku

Kuresoi unaijua: juu kule karibu na msitu wa Mau, na mvua ya Machi hadi Mei ikigeuza barabara za ndani kuwa tope. Gari unaloliita saa nane usiku litataka mafuta kwanza. Ukifika Olenguruone au Molo, huenda ukaambiwa uende Nakuru, hospitali ya rufaa. Ejenti wa senta amefunga zamani, na hata mchana huenda hana floti ya kukutolea Sh20,000 kwa mara moja.

Kwa hivyo usiweke pesa yote mahali pamoja. Weka noti za kutosha gari ndani ya nyumba. Weka kiasi kingine kwa simu ya atakayekusindikiza, na kilichobaki kikae kwa yako. Na msindikizaji awe mtu atakayelala nyumba hiyo, sio kaka mkubwa aliye Nairobi, hata kama ndiye mwaminifu kuliko wote.

Kabla ya kumtumia, muulize kama ana deni la Fuliza. Ni swali la aibu, tunajua. Lakini pesa ikiingia kwa M-Pesa, deni hukatwa kwanza. Ukimtumia Sh8,000 naye anadaiwa Sh5,000, atabaki na Sh3,000, tena labda agundue akiwa mbele ya dereva. Akiwa na deni, tafuta mpokeaji mwingine au msaidie alimalize mapema.

Akiba iliyofungwa ni nzuri kwa miezi ile ya kwanza, maana inakuokoa na wajomba wenye shida. Lakini haitoki usiku huohuo. Ifungue mwezi mmoja kabla ya tarehe uliyopewa kliniki.

Kama baba wa mtoto amebaki Doha, yeye ndiye matapeli watamtafuta. Atapigiwa na namba asiyoijua: mkeo yuko chumba cha upasuaji, tuma sasa hivi. Kubalianeni swali moja ambalo nyinyi wawili tu mnajua jibu lake, na msindikizaji alijue pia. Asiyelijibu hatumiwi hata shilingi.

Nguo za mtoto zisikusumbue. Zile za maduka ya Doha ni nzuri, lakini nyepesi kama karatasi. Beba mbili tatu za picha. Mtoto wa Kuresoi anataka sweta, kofia, soksi na shali nzito, na zote ziko Molo na Nakuru bila gharama ya mzigo wa ndege.

Mtoto akishazaliwa, usitoke hospitalini bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwa kitambulisho chako. Usajili ufanywe ndani ya miezi 6; ukipita hapo unahesabiwa umechelewa na utaombwa karatasi zaidi. Ukirudi kazini na kumwachia nyanya mtoto, mwachie pia kijitabu cha kliniki, na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Mtumie Sh100 ya kujaribu akiwa bado amekaa kando yako, muone pamoja jina linalotokea kwa skrini.