Kisu cha Kukunja cha Zamani: Namna ya Kukitengeneza Bila Kukiharibu

Katika nyumba nyingi za kwetu Nkome, ndani ya kasha la mzee, hupatikana kisu cha kukunja kilichoachwa na wazazi, kimeshikwa na kutu hata hakifunguki. Wengi hukiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, au hukipeleka kunolewa kwa jiwe la kuzunguka. Yote mawili ni hasara.

Kwanza, kitambue. Tazama shina la ubapa karibu na bawaba. Hapo ndipo fundi hupiga chapa yake. Miji iliyosifika kwa kazi hii ni Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Kisu kijulikanacho sana Afrika ni Okapi, chenye mpini wa mti. Kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wadachi barani Afrika, na nchi yetu wakati ule ilikuwa mojawapo. Tangu miaka ya 1980 kazi hiyo imehamia Afrika Kusini; kwa hiyo Okapi yenye chapa ya Ujerumani ni ya kabla ya hapo. Tena, visu vya feleji isiyoshika kutu vilianza baada ya Harry Brearley kuigundua huko Sheffield mwaka 1913. Mtu akikuuzia kisu cha namna hiyo na kusema ni cha mwaka 1900, usitoe fedha yako.

Pili, ondoa kutu. Wekundu unaochubuka ndio kutu, nao hula chuma. Lakini weusi uliotulia ni ngozi ya feleji ya zamani. Huo uache, kwani humkinga mwenyewe. Tia matone ya mafuta ya taa katika bawaba, ukiache kisu usiku kucha. Usikifungue kwa nguvu, maana kamani ikivunjika ni shida kupata nyingine. Kisha sugua kwa kitambaa chenye mafuta na majivu laini, ukifuata urefu wa ubapa. Msasa mkali usitumie, na chapa usiiguse.

Tatu, noa kwa kinoo, polepole, pande zote mbili sawasawa. Jiwe la kuzunguka hutia moto ubapa. Ukigeuka rangi ya buluu, ugumu wa feleji umekwisha, wala kunoa hakuurudishi.

Haya nimejifunza kwa hasara yangu. Kisu cha marehemu baba nilimpa fundi mmoja, naye alinirudishia upesi, kinang'aa kama kioo. Chapa ilikuwa imefutika, ubapa umebaki nusu, na makali hayakudumu siku mbili. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza, “Kisu cha baba yako ki wapi?” Nami nilikuwa nimekishika mkononi.

Nne, kihifadhi vema. Hewa ya ziwani ina unyevu, na kisu kilichopasulia samaki kikiachwa bila kuoshwa hupata kutu upesi. Kikaushe, utie tone la mafuta ya cherehani katika bawaba. Usikiweke siku nyingi katika ala ya ngozi, kwani ngozi hushika maji. Mwisho, ijaribu kamani: ikiwa ni legevu, ubapa waweza kujifunga juu ya vidole. Kisu cha namna hiyo kiwe cha ukumbusho tu, si cha kazi, nacho kiwekwe mbali na watoto.

Katika nchi hii ya Uzinza, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe kwa jasho jingi. Nasi hatuna haki ya kudharau chuma kilichofuliwa vema, hata kama kilitoka ng'ambo. Basi msomaji, kabla hujakipeleka kisu cha mzee wako kwa fundi, kitazame kwanza. Kutu yaweza kuondolewa leo au kesho, lakini chapa ikifutwa hairudi. Kitunze kidumu.