SAA YA MICHEZO: USIINGIE MKENGE!

Tunapotembelea shule za Kasulu na Kibondo, swali moja halikosi, hasa wakati wa maandalizi ya UMISSETA: "Dada, nina pesa kidogo, ninunue saa gani ya mazoezi?" Wengine wanataka saa ya kawaida ya namba. Wengine wameona saa janja, ile inayoonyesha hatua na mapigo ya moyo, wanadhani bila hiyo huwezi kuwa mkimbiaji. Basi leo tujifunze pamoja. Chukua daftari, maana kuna mazoezi.

KWANZA: UNATAKA KUPIMA NINI?

Kabla ya kuuliza bei, jiulize swali hili. Mwanafunzi anayefanya mazoezi anahitaji kujua mambo matatu tu: nimekimbia muda gani, nimekwenda umbali gani, na moyo wangu umefanya kazi kiasi gani. La kwanza linahitaji saa. La pili linahitaji uwanja uliopimwa. La tatu linahitaji vidole vyako viwili. Kumbe kitu cha kununua ni kimoja tu!

Kumbuka pia kwamba Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wakati huo saa ya mkononi ya kupima moyo bila waya ilikuwa haijatengenezwa. Kampuni ya Polar ya Finland iliitoa mwaka 1982.

PILI: ZIJUE AINA TATU

1. Saa ya namba yenye stopuwochi. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Ina stopuwochi, kengele na taa ndogo, na betri yake inaweza kudumu kama miaka 7. Haihitaji chaji wala simu.

2. Bangili au saa janja ya bei ndogo. Inahesabu hatua na kukadiria mapigo ya moyo. Ina taa ya kijani mgongoni. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga mwanga unaorudi hubadilika kidogo, na saa huhesabu mabadiliko hayo. Mkanda ukilegea au mkono ukirukaruka, hesabu huharibika. Nyingi hazina kipokezi cha setilaiti. Umbali zinaukisia kwa kuzidisha hatua zako na urefu wa hatua.

3. Saa ya setilaiti. Hupima umbali kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Ni nzuri, lakini bei yake ni kubwa. Kwa mwanafunzi anayeanza, hiyo isubiri.

Sasa angalia mazingira yako. Je, unakaa bweni na simu hairuhusiwi? Saa janja nyingi zinahitaji simu ili kurekebisha saa na tarehe na kutunza kumbukumbu. Bila simu, nusu ya kazi yake imekufa. Je, umeme ukikatika siku mbili utachaji wapi? Na chaja ikipotea, je? Mara nyingi chaja ya aina moja haiingii kwenye nyingine. Kwa wengi wenu, aina ya kwanza ndiyo inayofaa.

TATU: UKIFIKA DUKANI

Usinunue siku ya kwanza. Uliza bei kwa wauzaji watatu, kisha rudi. Fanya hivi:

• Washa stopuwochi ya saa na ya simu ya muuzaji kwa pamoja. Baada ya dakika 5, zisimamishe. Zikitofautiana zaidi ya sekunde moja, iache.
• Bonyeza kila kitufe mara kadhaa. Kinachokwama dukani kitakufa uwanjani.
• Kagua mkanda. Uliza kama mkanda na betri za kubadilisha zinapatikana hapa hapa mjini.
• Saa ikiandikwa 30M, usidhani unaweza kuzama nayo mita 30. Maana yake inavumilia jasho, mvua na kunawa mikono. Ya kuogelea iwe angalau 50M.
• Kwa Casio F-91W, shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde 3. Jina la kampuni litokee kwenye kioo. Lisipotokea, hiyo ni feki. Likitokea, bado kagua, kwa sababu feki nyingine zimeiga hata hilo.
• Kwa saa janja, hesabu mapigo yako kwa vidole huku umeivaa. Zikipishana sana ukiwa umetulia, ukikimbia itakuwaje?

Na pesa ya ada, daftari au nauli isiguswe. Saa ni nyongeza.

NNE: VIDOLE VYAKO NI KIPIMO

Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa yake ya kuhesabia mapigo ya moyo kwa dakika moja. Njia hiyo bado inafanya kazi. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara 2.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa siku 7, na uandike. Kijana wa umri wenu kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100. Mwenye mazoezi sana anaweza kuwa chini ya 60. Hiyo ndiyo namba yako wewe, usishindane na ya rafiki.

Faida yake? Tuseme kawaida yako ni 68, na leo umeamka na 84, mwili unauma na una joto. Hiyo si siku ya mazoezi. Homa huongeza mapigo ya moyo, na mkoa wetu wa Kigoma ni mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Nenda kituo cha afya upimwe damu. Hakuna saa inayopima malaria.

Wakati wa kukimbia, tumia kipimo cha maneno. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, mazoezi ni ya wastani. Ukitoa neno moja moja tu, ni makali. Kwenye vilima vyetu kipimo hiki ni bora kuliko saa, maana mlima hupunguza mwendo hata kama moyo unafanya kazi ileile.

Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au ukizimia, acha mara moja, mwambie mwalimu na uende kituo cha afya. Mwenye pumu au selimundu aongee na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi makali.

TANO: PIMA UWANJA

Chukueni kamba, ipimeni mita 10 kwa futikamba ya fundi, kisha pimeni pande zote za uwanja. Tuseme uwanja una mita 100 kwa 60. Mzunguko mmoja ni mita 320. Mizunguko 5 ni mita 1,600. Ukitumia dakika 9 na sekunde 20, yaani sekunde 560, gawanya kwa 1.6. Unapata sekunde 350, sawa na dakika 5 na sekunde 50 kwa kilometa. Rudia baada ya wiki 4 uone tofauti.

SITA: VIPI KUHUSU HATUA 10,000?

Namba hiyo haikutoka maabara. Ilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kihesabu hatua kilichokuwa kinauzwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi kali. Kwenda shule kwa mwendo wa haraka, kulima na kubeba maji, vyote vinahesabiwa. Huenda tayari umefika!

SABA: SAA YA "BURE"

Hili tuliseme wazi. Kuna watu wazima wanaotoa saa, simu au nauli kwa wasichana, na hata wavulana, kisha wanadai malipo ya mwili. Saa ya namna hiyo inaweza kukugharimu mimba, VVU na masomo. Ukipewa zawadi kwa siri, au ukiambiwa "usimwambie mtu", kataa. Kama umeshapokea, kosa ni la mtu mzima. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya huduma kwa watoto. Ni bure.

JIPIME

1. Umehesabu mapigo 37 kwa sekunde 30. Ni mangapi kwa dakika?
2. Saa imeandikwa 30M. Je, unaweza kuogelea nayo ziwani?
3. Asubuhi mapigo yako yamepanda sana na una joto. Utafanya nini?

Majibu: (1) 74. (2) Hapana. (3) Pumzika, nenda kituo cha afya upimwe.

Mwezi Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mwisho ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Saa ilipima tu. Miguu ndiyo iliyofanya kazi. Haya, mazoezi mema!