Dondoo muhimu: Umeme wa kambini bila gridi

Ukilala kwenye gari la kambi Ruaha au Tsavo, mbali na soketi, betri ndiyo tegemeo lako; itunze hivi.

1. Funga betri ya pili kwa ajili ya friji na taa. Ya kuwashia injini usiiguse: hifadhini hushuki ovyo kusukuma gari.
2. Pima volti alfajiri. Betri ya asidi ya volti 12 ikisoma 12.6 imejaa, ikifika 12.2 imebaki kama nusu, punguza matumizi. Kuikausha mara kwa mara ndiko kunakoiua mapema.
3. Egesha kivulini, paneli ya sola iweke juani kwa waya mnene. Hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme mno. Futa vumbi kila siku.
4. Birika la umeme liache nyumbani! La wati 2,000 kupitia inveta huvuta zaidi ya ampea 160 kutoka betrini. Chemsha chai kwa gesi, nje ya gari.
5. Vinywaji viingie frijini vikiwa vimeshapoa.
6. Chaji simu na kamera gari likitembea.
7. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri.