Methadoni: Tiba ya Kila Siku na Nafasi ya Familia

Katika mitaa ya Buguruni, kuanzia Malapa hadi Mnyamani, si jambo geni kumwona kijana amesinzia akiwa amesimama, kichwa kimeinama kifuani, magoti yamekunjika nusu na bado haanguki. Wapita njia humwita teja na kuendelea na safari zao. Nyumbani kwao, hata hivyo, yupo mama anayelala na simu na pochi chini ya mto, na wapo wadogo zake walioacha kuleta wenzao nyumbani. Somo hili linazihusu familia za namna hiyo.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, huubadilisha ubongo kiasi kwamba mwili hauwezi tena kutulia bila kuipata. Saa 6 hadi 12 baada ya kuikosa, arosto huanza: kamasi na machozi hutiririka, mifupa huuma, tumbo huharisha na usingizi hutoweka. Hali hiyo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Familia nyingi hujaribu kumfungia kijana chumbani mpaka mateso yaishe, nayo huisha kweli, lakini hamu ya unga hubaki. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui: mwili uliokaa siku kadhaa bila heroini hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea. Kijana akitoka na kutumia kiasi kile kile cha zamani, anaweza kuacha kupumua.

Methadoni ni dawa ya majimaji inayonywewa mara moja kwa siku. Kipimo kikishakaa sawa, huzuia arosto kwa saa 24 au zaidi, na mhusika hubaki na akili timamu ya kufanya kazi. Ilianza kutumika kutibu uraibu huko New York, Marekani, katika miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania Bara ilianza kuitoa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Hutolewa bila malipo.

Wapo wanaosema kwamba huko ni kubadilisha unga kwa unga mwingine. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa methadoni nayo ni ya jamii moja na heroini na mwili huizoea. Tofauti ipo katika maisha ya mtumiaji. Kipimo chake kinajulikana, hakuna sindano ya kuchangia, hakuna fedha ya kuisaka kila baada ya saa chache, na mhusika huonana na mhudumu wa afya kila siku. Kwa hiyo ni rahisi kwake kupimwa na kutibiwa kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi, maradhi yanayowaandama sana wanaojidunga. Ikumbukwe pia kwamba dawa hii haitibu uraibu wa pombe, bangi wala kokeini.

Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Wahudumu huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini. Kijana atalalamika kwamba haimtoshi. Akiongeza pombe, vidonge vya usingizi au unga juu yake, pumzi inaweza kukatika akiwa usingizini. Familia isimpe chochote cha kumtuliza. Malalamiko hayo yapelekwe kituoni. Mtu aliyekunywa methadoni akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikabadilika rangi na asiamke anapotikiswa, asiachwe alale; akimbizwe hospitali mara moja.

Kisha kuna suala la nauli, ambalo huonekana dogo. Mteja mpya hunywa dawa mbele ya muuguzi, kila siku, zikiwemo Jumapili na sikukuu. Kutoka Buguruni, Muhimbili si mbali, na Temeke vilevile, lakini daladala ya kwenda na kurudi kwa siku 30 ni mzigo kwa kaya inayoishi kwa biashara ya sokoni. Akikosa siku tatu mfululizo, wahudumu hulazimika kukipunguza kipimo kwa usalama wake, na safari huanza karibu upya. Mzazi anayeogopa kumpa kijana fedha mkononi, na hofu hiyo ina msingi, anaweza kumsindikiza, au kumwomba ndugu anayeelekea mjini asubuhi aongozane naye. Matibabu huchukua miezi mingi na mara nyingi miaka. Kumshurutisha aache baada ya kunawiri kidogo ni kumrudisha alikotoka. Mjamzito hasa asikatize dawa ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo humhatarisha mtoto aliye tumboni.

Anayetaka kuanza anaweza kumwona afisa ustawi wa jamii au kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako ataelekezwa kwenye kliniki ya methadoni. Huko atahojiwa na kupimwa kabla ya kupewa dawa. Asiyetaka kuonekana akiuliza mtaani kwake anaweza kupiga simu namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo.