NGOMA NI KIOO CHA NYUMBA: SOMO KUTOKA TAITA

Watu wengi hudhani kwamba ngoma, wimbo na mchezo wa kuigiza ni mambo ya kupitisha wakati tu, na kwamba shamba, ndoa na fedha ni mambo mengine kabisa. Fikira hiyo si sawa. Mtu akichunguza ngoma inayopendwa na watu wa mahali fulani, ataona ndani yake haja zao, hofu zao, na hata ugomvi wao wa nyumbani. Jambo ambalo kinywa huona haya kulisema, mara nyingi mwili hulicheza na sauti huliimba. Nchi ya Taita, pamoja na mji wa Voi ulio chini ya milima yake, ina mifano mizuri ya jambo hili.

Ngoma ya saka

Reli ya kutoka Mombasa ilipita Voi kabla ya mwaka 1900. Katika miaka iliyofuata wanaume wengi walishuka milimani kwenda kutafuta kazi ya mshahara, na wake zao wakabaki kulima na kulea watoto. Mume ndiye aliyeshika fedha, na ardhi na mifugo pia vilikuwa chini ya mamlaka yake. Mke aliyetaka nguo mpya au sukari ilimbidi aombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa mila za watu, Bibi Grace Harris, alikaa Taita akachunguza ugonjwa ulioitwa saka, na mwaka 1957 alichapisha habari zake. Waliopatwa na saka walikuwa hasa wanawake walioolewa. Mgonjwa alitetemeka mabega, kichwa kikayumba huku na huku, na pengine fahamu zikampotea. La ajabu ni vitu vilivyoamsha ugonjwa huo: mlio wa gari la moshi, sauti ya motakaa, kiberiti kikiwashwa, harufu ya sigara, au kitu ambacho mwanamke alikitamani sana asikipate. Karibu vitu hivyo vyote vilitoka ugenini, navyo vilifika nyumbani kwa mkono wa mwanamume.

Dawa moja ya saka ilikuwa ngoma. Wanawake walicheza hadharani, nao walivaa na kushika vitu ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume, kama vile kofia, ukanda wa begani, na fimbo ya kuchezea. Tena mume hakuweza kukaa kando, kwa maana ilimpasa kumtafutia mkewe kile alichokitamani.

Si lazima kuamua kama saka ilikuwa pepo, maradhi au hila ili kuiona maana yake. Mwanamke aliyeomba kila siku jikoni, siku ile uwanjani hakuomba. Alisimama mbele ya watu wote akiwa na kofia na fimbo, na ngoma ikapigwa kwa ajili yake. Haja ya nyumba moja ikawa haja inayotazamwa na kijiji kizima, na mume akapata njia ya kuitimiza pasipo aibu. Hapo ngoma ilifanya kazi ya baraza.

Wimbo wa kijana asiye na mali

Mfano wa pili ni wimbo uitwao Malaika. Fadhili William, aliyezaliwa katika nchi hiyo hiyo ya Taita mwaka 1938, aliuimba katika sahani ya santuri karibu na mwaka 1960. Watu wameshindana juu ya nani aliyeutunga kwanza, lakini hakuna ashindanaye juu ya habari yake: kijana anampenda binti, na umaskini unamzuia kumwoa. Kila mzazi aliyewahi kutaja mahari aijua habari hiyo, na kila kijana aliyewahi kuhesabu mshahara wake mwisho wa mwezi aijua pia.

Mwaka 1965 wimbo huo ulitoka Marekani katika sahani ya Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukasikiwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na wimbo ungali unaimbwa arusini. Umedumu kwa sababu umetoka katika shida ya kweli.

Namna ya kutunga mchezo

Katika Kenya mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule yalianza mwaka 1959, na walimu wengi bado huuliza watapata wapi habari za kuigiza. Jibu li karibu nao. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na tangu hapo wakulima wa kando ya mbuga hawakuacha kugombana na ndovu. Mwalimu wa Voi na awatume wanafunzi wake nyumbani wakaulize: Ni nani anayekesha shambani? Hupiga nini ili kuwafukuza ndovu? Asubuhi mahindi yakiwa yamelala chini, ni nani anayenyamaza, na ni nani anayelia?

Wakirudi, mchezo umekwisha kupatikana. Debe linalopigwa usiku ni ngoma yao, ukelele wa kuitana ni wimbo wao, na hatua za mtu anayenyata gizani ni uchezaji wao. Mwalimu asiwape maneno ya kukariri kwanza. Waanze na kitendo chenyewe, kisha maneno yatafuata. Wala wasimalize mchezo kwa hotuba. Mzee aliyepoteza shamba lake akisimama kimya na jembe mkononi, watazamaji wataelewa.

Maswali ya kufikiri

1. Katika ngoma ya saka, kwa nini wanawake walivaa vitu vya wanaume?
2. Kijana wa wimbo wa Malaika na mke mwenye saka wamekosa kitu gani kimoja?
3. Je, katika kijiji chako ni haja gani ambayo watu huona haya kuisema, lakini huiimba au huicheza?

Atakayelijibu vema swali la tatu amekwisha kupata mchezo wake.